Dira ya Zhuo

Hamjambo, wenzangu? Tulieni kidogo. Haya yamempata rafiki yangu Zhuo, jirani yangu hapa kijijini.

Binti yake Lanying anaumwa. Watu wakasema kaburi la babu yake limekaa pabaya. Zhuo akafukua mifupa ya baba yake, akaipanga mtungini, akapanda mlimani na mkewe kutafuta pa kumzika upya, penye upepo tulivu na maji mbele, kama tunavyofanya tangu enzi za wafalme.

Ukungu ukaleta giza. Sindano ya dira ya kupimia makaburi, ambayo kwetu huonyesha kusini, ikakwaruza, kwaru, kwaru, ikauelekea mtungi badala yake.

“Baba mkwe, hata ukiwa mifupa mitupu unabisha!” mkewe akatania.

Wakamzika. Sindano ikarudi kusini, ikatulia.

Nyumbani ikaanza tena, kwaru, kwaru. Sasa imekielekea kitanda cha Lanying.

Naenda kukaa nao, nitarudi. Hata hapa mlangoni pangu naisikia ikikwaruza kwao. Lanying simsikii.