Msimwinue Nadus

Mama Yustina alikuwa barazani, akikata nyuzi za mwisho za saruni, nguo ya kujifunga kiunoni. Aliifuma mwenyewe ili mdogo wake, Nadus, aivae siku ya harusi yake. Mbele ya ua wao barabara ya kwenda mji wa Maumere inapinda ghafla, na pikipiki huanguka mara kwa mara.

Asubuhi hiyo aliyeanguka alikuwa Nadus mwenyewe.

Kanis, mume wa Yustina, alimfikia kwanza, akamshika makwapani. Kijijini kwao majeruhi haachwi njiani. Huletwa barazani, akapewa kahawa ya moto. Yustina alikuwa ameshakimbilia birika.

"Kaka Kanis, mwache hapo hapo," alisema Rensi, muuguzi wa zahanati, aliyekuwa akitoka kanisani.

"Nimwanike juani kama dagaa? Huyu shemeji yangu."

"Mkingie mwavuli. Kama mfupa wa shingo umevunjika, kumbeba kutampoozesha. Hapa hakuna moto, hatuna sababu ya kumsogeza. Mimi napiga simu gari la wagonjwa lije. Wewe kata tawi, ukasimamishe magari konani."

Kanis alimpa jirani mwavuli, akaenda akinung'unika.

"Dada, shingo inauma," Nadus alinong'ona. "Nina kiu."

"Asipewe maji wala kahawa," alisema Rensi. "Akitapika, atapaliwa. Yustina, piga magoti nyuma yake. Shika kichwa kwa mikono miwili, kisigeuke. Anapumua vizuri, kwa hiyo kofia ngumu tusiivue."

Paja la Nadus lilikuwa likitoka damu nyingi.

"Nataka kitambaa safi," alisema Rensi.

Yustina alitazama barazani. "Chukua saruni."

Rensi aliikunja, akaikandamiza juu ya jeraha bila kuachia. Yustina alisali Salamu Maria, moja baada ya nyingine. Mikono yake haikutikisika.

"Dada, unasali kama msibani."

"Nyamaza. Usigeuze shingo."

Hospitalini daktari alikuta mfupa wa shingo una ufa. "Mngembeba hovyo," alisema, "huenda asingetembea tena."

Wakati wa mvua mgeni mmoja alianguka pale pale. Kanis alikata tawi kabla ya kuitwa. Yustina alitoka na kitambaa safi, birika akaliacha jikoni.

Harusi ilichelewa. Doa la saruni halikutoka, hata kwa sabuni ya magadi.

"Nikufumie nyingine?" Yustina aliuliza.

"Hii hii," alisema Nadus, akaivaa, akatembea mwenyewe hadi altareni.