Mkanda Usioungwa kwa Waya

Asubuhi ile mkanda wa cherehani ulikatika katikati ya mguu wa suruali. Fundi nguo hakubabaika. Alitoboa ncha mbili za ule mkanda wa ngozi, akapitisha kipande cha waya, akakikunja na kuendelea kukanyaga. Mwaka wa nane huo alikuwa akiuunga mkanda ule ule. Kila alipomaliza alitupa jicho huku na huku, kama kuna mtu wa kumsifu.

Siku hiyo alikuwepo mama mkwe peke yake, naye haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili tangu kabla binti yake hajaolewa. Jumatatu angepasuliwa jicho la kwanza, katika hospitali iliyo mwendo wa saa tatu kwa gari. Tarehe hiyo aliisubiri miezi saba. Daktari alisema wazi kwamba akiikosa, atarudi mwisho wa foleni.

Fundi aliapa kumpeleka mwenyewe. Gari alikuwa nalo, alilinunua mwaka uliopita, tayari limetumika. Alivishonea viti vyake vitambaa vya maua, na kusema kweli viti vilikuwa na afya kuliko injini. Alhamisi alimpakia mama mkwe ili azoee kiti. Alipowasha, bibi akainamisha kichwa.

“Mkwe wangu, nani anatafuna karanga humu?”

Fundi akaongeza sauti ya redio. Mama mkwe akapapasa mpaka akaipata, akaizima. Fundi akasema hiyo ni barabara mbovu.

“Barabara hatujaifikia,” alisema mama mkwe. “Bado tuko uani.”

Mke wa fundi alisikia yote dirishani. Akashauri aitwe Bi Spana, jirani yao mwenye gereji. Fundi hakutaka. Fundi mzima amwite fundi mwenzake? Alifungua boneti, akaona mkanda ubavuni mwa injini, akaubonyeza kwa kidole gumba kama anavyopima kitambaa. Akatangaza kuwa ni mzima. Wakati anatangaza, Bi Spana alikuwa ameshafika, maana mkewe hakungoja ruhusa.

Bi Spana alisikiliza injini, akaomba izimwe.

“Huo ulioshika ni mkanda wa kuchajia betri,” alisema. “Kelele inatoka nyuma ya kifuniko hiki. Humu mna mkanda wa taimingi, na kigurudumu kinachoubana usilegee. Tunakiita kikaza. Vilibadilishwa lini?”

“Kwani hubadilishwa?”

Mkewe akashika kiuno.

“Ukikatika nitauunga,” fundi alijitetea. “Waya ninao.”

Bi Spana alijizuia kucheka. Aliomba aonyeshwe cherehani, nao wote wakamfuata, mama mkwe akiwa ameshika bega la binti yake. Bi Spana akalizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu. Sindano ikashuka na kupanda. Chini yake kile chuma kinachodaka uzi kikapita.

“Sindano na chuma hiki hugongana?”

“Hupishana,” alisema fundi, kwa sauti ya kumfundisha mtoto. “Kila kimoja na wakati wake.”

“Vikikosana wakati?”

“Sindano inapiga chuma. Inavunjika, na chuma kinachimbika. Hiyo ni hasara.”

“Na hapo unakanyaga kwa mguu. Injini inazunguka mara elfu tatu kwa dakika.”

Bi Spana akaeleza polepole. Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka. Juu yake kuna valvu zinazofunguka na kujifunga. Mkanda wa taimingi ndio unaozipa zamu. Kikaza kikichakaa, mkanda hulegea, ukaruka meno au ukakatika. Hapo, katika injini nyingi, pistoni huzigonga valvu na kuzipinda. Gari huzima palepale, hata kama lori liko nyuma yako. Na likizima hivyo, usijaribu kuliwasha tena na tena, utazidi kuliharibu.

“Mara nyingi mkanda hukatika bila kuaga,” alisema. “Nyinyi mna bahati, kikaza chenu kina mdomo.”

“Macho sina,” alisema mama mkwe, “lakini sikio langu si la kufa.”

Fundi aliitazama sindano yake. Aliona aibu, na baada ya aibu ikaja hofu. Alimwona mama mkwe kando ya barabara siku ya Jumatatu, kapakata mkoba, na tarehe yake inapita.

“Lifungue, dada,” alisema.

Ijumaa kifuniko kilitolewa. Mkanda ulikuwa na nyufa kila mahali, na meno mawili hayapo. Kikaza kilicheza kama jino la mtoto. Fundi aliuliza kama kikaza cha zamani kinaweza kurudishwa.

“Wewe unaweza kumshonea mtu suruali mpya ukamwekea zipu mbovu?” Bi Spana aliuliza.

Vikabadilishwa vyote viwili, pamoja na pampu ya maji, kwa kuwa huzungushwa na mkanda huohuo. Bi Spana akawaeleza kwamba kila injini ina hesabu yake katika kitabu cha gari, ya kilomita na ya miaka. Inayotimia kwanza ndiyo ifuatwe. Injini nyingine hutumia mnyororo. Na anayenunua gari lililotumika bila kujua historia ya mkanda asibahatishe, amwite fundi.

Jumatatu walisafiri salama. Mama mkwe alilalamika kwamba gari limekuwa bubu, akawasha redio mwenyewe.

Jumanne alifunguliwa bandeji. Wakati wa kurudi jicho lake liliangukia kitambaa kidogo kilichoshonwa darini mwa gari, juu ya kioo cha mbele, kwa uzi mwekundu. Alikisoma herufi kwa herufi: MKANDA NA KIKAZA VIPYA, pamoja na tarehe na kilomita. Kisha akamgeukia mkwe wake, akamtazama sana.

“Kumbe ndiwe wewe,” alisema. “Kwa sauti ile, nilidhani u mrefu.”

Jioni fundi aliutoa mkanda wa cherehani, wenye viungo vya waya kumi na kimoja, akavalisha mpya. Alipomaliza alitupa jicho huku na huku, kama kawaida yake. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni.

“Nimeona, mwanangu,” alisema.