Betri Mbili na Taulo la Bluu

Gulio la Jumapili nyuma ya stesheni ya Bremen, Ujerumani, huuza zaidi vile vitu ambavyo watu waliokosana wameshindwa kugawana. Hapo ndipo Gesche, akiwa na koti la mvua la njano na uso wa mtu asiyetaka kusemeshwa, aliposhika swichi moja nzito na kukuta upande wake wa pili umeshikwa na mkono mwingine.

"Unajua kazi yake, bibie?" aliuliza mwenye mkono, mwanamume mrefu aliyevaa sweta la sufu lililotoboka kiwikoni.

"Kutenganisha betri. Ninaishi garini, na asubuhi gari haliwaki kwa sababu friji imekunywa umeme wote."

"Na mimi naishi garini. Nunua wewe, nikufungie mimi. Malipo kahawa."

"Kahawa yangu mbaya."

"Uso wako umeshaniambia."

Jina lake lilikuwa Enno. Gari la Gesche lilikuwa na betri mbili, moja ya kuwashia injini, nyingine ya kulisha taa, friji na hita, nazo zilikuwa zimeungwa moja kwa moja. Enno aliifunga swichi kati yazo, ukutani kando ya sinki. Wakati wa kuendesha, mkono wa swichi ulilazwa ili altaneta, jenereta ndogo ya injini, izijaze betri zote mbili. Gari likisimama, ulisimamishwa, ili betri ya nyumba, ile ya taa na friji, iishe yenyewe bila kuivuta ya injini.

Sola juu ya paa, katika majira ya baridi ya Bremen, ni pambo. Na anayeacha injini ingurume gari likiwa limeegeshwa, jambo lililopigwa marufuku, hupata jirani dirishani, ameshaandika namba ya gari kabla ya kutoa salamu. Kwa hiyo wakazi wa magari huendesha. Kila jioni Gesche na Enno waliuzunguka mji bila pa kwenda, Gesche akishika usukani, Enno akimenya machungwa na kumlisha kipande kimoja kimoja. Wengine huyaita hayo mapenzi. Wao waliyaita kuchaji, na huenda wao ndio waliokuwa wakweli zaidi.

"Kapteni, mkono umesimama?" Enno aliuliza kila walipolala.

"Umesimama, kipenzi. Funga mdomo, baridi inaingia."

Mwezi wa Februari baba yake Gesche alifariki huko Husum, mji wa mbali kaskazini. Asubuhi ya maziko injini ilitoa mlio mmoja hafifu, ikanyamaza. Mkono wa swichi ulikuwa umelala. Hita ilikuwa imezimaliza betri zote mbili, na gari la Enno lilikuwa gereji.

"Nani alilala wa mwisho?"

"Mimi."

"Basi."

"Gesche, sikumbuki kuugusa."

"Baba yangu anazikwa, na wewe hukumbuki."

Enno alikwenda kutafuta mtu wa kuwaazima umeme kwa nyaya, naye alipatikana kwa kuchelewa. Gesche aliondoka peke yake. Alipofika, kaburi lilikuwa limefukiwa na watu walikuwa wakinywa kahawa na kula keki ya siagi, wakimhakikishia kwamba mchungaji alisema vizuri. Aliporudi Bremen alimwambia Enno asisubiri tena. Enno akahamia mji jirani wa Oldenburg. Alipiga simu mara kadhaa. Gesche aliiacha iite, mpaka Enno akaacha kupiga.

Betri, hata hivyo, haina habari na maombolezo. Gesche aliendelea kuuzunguka mji jioni, kiti cha pembeni kikiwa kitupu, ganda la chungwa likikaukia kwenye mfuko wa mlango. Hakulitupa. Alijiambia kwamba ni uvivu.

Alasiri moja ya Machi aliosha vyombo, akalikamua kidogo tu taulo la bluu na kulitundika mahali pake pa siku zote, kwenye mkono wa swichi. Kisha akakaa na chai. Taulo lilidondosha matone. Mkono ukainama polepole, ukalala.

Aliusimamisha, akalitundika tena. Ukalala tena. Akakumbuka kwamba usiku wa kuamkia maziko alikuwa amefuta viatu vyake vyeusi kwa taulo hilo, akalisuuza na kulitundika bila kulikamua.

Kumpigia Enno kulikuwa na maana moja tu: kumwondolea lawama na kubaki nayo mwenyewe. Kwa mtu mpweke, mtu wa kulaumu ni aina ya mwenzi. Gesche aliwasha gari, akazunguka mji mara moja nzima, na katika mzunguko wa pili akaiamuru simu iliyokuwa kwenye dashibodi ipige.

"Gesche?" Sauti ya Enno ilikuwa na tahadhari.

"Ni taulo."

"Taulo gani?"

"La bluu. Likiwa na maji linaulaza mkono. Nililitundika mimi. Hukuwa wewe."



"Nilikuwa na hakika ni mimi," Enno alisema. "Nilikuwa na usingizi usiku ule. Nilikwenda Husum, nikamwomba baba yako radhi."

"Kaburini?"

"Ningempata wapi kwingine?"

Gesche alifuta macho kwa mkono wa koti la njano, ambalo halifai kwa kazi hiyo. "Akasemaje?"

"Kulikuwa na upepo." Alikohoa. "Unaendesha?"

"Ninachaji."

"Basi chajia huku. Umbali unatosha kuijaza betri."

Huko Oldenburg alimkuta Enno amesimama kwenye maegesho nyuma ya bwawa la kuogelea, tundu la sweta kiwikoni limezibwa kwa uzi wa rangi isiyofanana. Gesche alizima injini na kuusimamisha mkono wa swichi. Hawakukumbatiana. Enno aliutazama mkono ule, akaenda garini kwake, akarudi na bisibisi na kulabu moja ya shaba.

"Nikufungie wapi?"

"Mbali na swichi."

Alichagua mahali karibu na mlango, akaanza kukaza skrubu.

"Enno."

"Naam, kapteni."

"Weka mbili. Na wewe una taulo."

Bisibisi ilisimama. Kisha Enno akashuka, akarudi garini kwake kutafuta kulabu ya pili, na akakawia huko kuliko kulabu inavyohitaji.