Jirani Mpaka Saa Sita

— Fungua mdomo nione.

— Si ulisema hutanigusa?

— Kuona si kugusa. Fungua.

Fundi seremala akafungua. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba, na tunalitaja kwa heshima zote, maana kila alipokwenda lilitangulia kufika. Daktari wa meno akainama juu ya benchi la randa, mikono ameifumbata mgongoni kama mtu aliyekamatwa.

— Gego hilo limekwisha. Nenda kliniki likang'olewe.

— Utaling'oa wewe.

— Mimi pale kliniki naandika majina ya wagonjwa mapokezi. Shahada yangu ni ya ng'ambo ya mpaka, huku haijatambuliwa. Nikikugusa leo, baraza la madaktari linanifungia maisha.

— Koleo lile pale. Nani ataona?

— Mama yako, aliyesimama mlangoni.

Mama mtu hakukanusha.

— Mwanangu, wiki ya tatu hii unakunywa uji. Hayo ni mapenzi au ni adhabu?

— Vyote viwili, mama.

Jumatano ujumbe ukaingia kwenye simu ya fundi: "Baraza limejibu. Mtihani wa vitendo Jumanne saa tatu, niende na mgonjwa wa kung'oa jino. Nikifeli narudi kwetu, kibali changu kinaisha mwezi huu."

Akajibu: "Mgonjwa unaye. Jumapili nakuja na pete."

"Usithubutu. Kanuni ya tisa: mgonjwa asiwe ndugu, mume wala mchumba."

Fundi akaisoma mara nne. Kisha akairudisha pete kwenye kopo la misumari, akaenda kukoroga uji.

Jumanne ilipofika, msimamizi wa mtihani, mwanamke wa makamo asiye na haraka, akashika fomu.

— Mtahiniwa huyu ni nani wako?

Fundi akalishika shavu lake. Uongo ungemponza daktari wake, na ukweli nao ulikuwa umekaribia mno uchumba.

— Jirani, mheshimiwa. Kwa sasa.

— Kwa sasa?

— Mtihani unakwisha saa ngapi?

— Saa sita.

— Basi jirani mpaka saa sita.

Msimamizi akamtazama daktari, aliyekuwa akipanga vifaa vilivyokwisha kupangwa.

— Umeshamposa?

— Bado. Kanuni ya tisa imenizuia.

— Afadhali kuna mtu mmoja aliyewahi kuisoma. Kaa kitini.

Sindano, subira, mkono ukazunguka taratibu. Gego likatoka zima na mizizi yake yote. Msimamizi akaligeuza kwenye sinia.

— Huku au ng'ambo, kazi safi ni kazi safi, akasema, akagonga muhuri.

Saa sita kamili fundi, mdomo umekufa ganzi na pamba ameing'ata, akamwandikia daktari aliyekaa ubavuni pake: "Ujirani umekwisha. Utakubali kuolewa na mgonjwa wako wa kwanza?"

Jibu likaja: "Ng'ata pamba nusu saa. Usiongee."

Hakuna mwanamume aliyewahi kuikodolea macho saa ya ukutani namna ile. Nusu saa ilipotimia, daktari akamtoa pamba mwenyewe.

— Haya, sema kwa mdomo wako.

Fundi akatoa pete mfukoni. Ilinukia vanishi.

— Nimeshasema. Usinitese.

— Nimekubali. Ila upande huo usitafunie mpaka kesho.

Siku hizi kwenye kliniki ya daktari zimetundikwa fremu mbili za mkono wa fundi: ya cheti na ya picha ya harusi. Kwenye picha bwana harusi anacheka mdomo wazi, pengo nje. Wagonjwa wakiuliza juu ya pengo hilo, daktari huwajibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza halali nchini.