Amplifaya ya Mbao za Kinu

Jumanne asubuhi friji la Vahida liliacha kunguruma, lakini maziwa ndani yake yalikuwa baridi kama kawaida. Alilifungua, akalifunga, akaweka kiganja ubavuni mwake. Lilikuwa linatetemeka. Mtetemo ulikuwepo, sauti haikuwepo. Mtu mwingine angemwita fundi. Fundi alikuwa yeye mwenyewe, na chini kulikuwa na vitu vya watu vinavyosubiri, kwa hiyo alikunywa kahawa yake wima, akashuka ngazi kwenda karakana.

Vahida alisomea redio katika shule ya ufundi, akaunganisha televisheni kiwandani kwa miaka kumi na moja mpaka kiwanda kilipofungwa, na tangu hapo nusu ya mji wa Zenica ilimletea vilivyoharibika. Juu ya meza ilimsubiri amplifaya ya gitaa la besi. Ililetwa jana yake na Zlatan, mpiga besi wa bendi ya harusi, jitu nene lenye sauti nyembamba kama ya kifaranga.

"Una mafua?" Vahida alimwuliza.

"Sijui, fundi. Wiki ya tatu sasa. Wenzangu wananiita bibi harusi." Akacheka, na kicheko nacho kilikuwa chembamba. "Niangalizie huyu mnyama. Nyuzi za juu zinasikika, za chini hazitoki. Na besi isiyotoa sauti ya chini ni ya nini? Bora nipige filimbi."

"Boksi hili nani kakutengenezea?"

"Mimi mwenyewe! Mbao za mjozi hizo, nimezing'oa kwenye kinu cha maji cha babu yangu, kule Crni Do. Alikuwa anasagia kijiji kizima. Sasa kijiji chenyewe hakina mtu, wote wako Ujerumani. Mbao zilikuwa zinaoza bure."

Vahida alianzia pale anapoanzia kila fundi mwenye akili, kwenye mambo ya kijinga. Akabadilisha waya wa gitaa. Akabadilisha gitaa. Akazungusha vitufe vyote mara ishirini, akapulizia dawa kwenye soketi. Akaitenga spika, akagusisha ncha zake kwenye betri ndogo, na karatasi ya spika ikaruka mbele kama inavyotakiwa. Ila ule mlio wa "tup" unaofuata hakuusikia. Akasema ni uzee.

Akabadilisha zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya, moja baada ya nyingine, na zote zikawaka rangi ya chungwa. Akachukua mpini wa mwiko na kugonga kila kiungo cha lehemu, taratibu, akitafuta kilicholegea. Hakikuwepo. Mwisho akaweka mita. Sauti iliingia, ikakuzwa, ikafika kwenye spika nzima nzima. Mita ilisema inatoka. Masikio yakasema haitoki. Katika kazi hiyo yote hakuwahi kuona vitu hivi viwili vikigombana.

Jumatano alikuta vumbi la kijivu juu ya meza, laini kama unga, lenye harufu ya gunia lililolowa. Akalifuta. Saa sita mchana king'ora cha kiwanda cha chuma alikihisi kwenye nyayo lakini hakukisikia. Alhamisi vumbi lilikuwepo tena, na siku hiyo alikuja Ismet, anayefanya kazi kituo cha mabasi pamoja na Hasib, mumewe Vahida.

"Shemeji, koo linaendeleaje?"

"Koo la nani?"

Ismet akamkodolea macho. "La mumeo! Mtu hana sauti tangu Jumanne, hata ya kuomba maji. Tumemweka Jasmin kwenye maikrofoni, abiria wanadhani tumefungia paka. Bosi kasema ikifika Jumatatu hajapona, wanaweka mashine yenye sauti iliyorekodiwa, naye aende zake nyumbani. Hasib bila ile maikrofoni atafanya nini, shemeji? Atakufa. Mnaishi nyumba moja. Hukujua?"

Vahida hakujua.

Miaka miwili iliyopita binti yao, Nadira, alitaka kwenda Ujerumani kuhudumia wazee wa watu. Vahida alificha pasipoti yake karakana, chini ya transfoma kuukuu. Hasib aliitafuta, akaipata, akampa mtoto. Kisha akaingia kwenye chumba chake cha kioo pale kituoni na kutangaza basi la Munich, jukwaa la tatu, kwa sauti ileile aliyotangazia mabasi ya Doboj na Tuzla. Tangu siku hiyo Vahida alimwambia habari za chumvi na kuni tu. Alikuwa anangoja neno moja kutoka kwake. Hasib aliona hana kosa, hakulisema. Kwa hiyo kimya ndani ya nyumba hakikuwa habari mpya.

Na ile sauti ndiyo iliyomfanya aolewe na Hasib. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa anakwenda kituoni kukaa kwenye benchi, asisafiri popote, amsikilize tu akiita miji.

Ismet alipoondoka, Vahida alifanya jambo ambalo mafundi hulifanya mashine inapowashinda. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye ubao wa mjozi na mpini wake sikioni.

Ndani kulikuwa na jiwe linalozunguka juu ya jiwe. Polepole, zito, na maji yakipita chini yake. Akaizima amplifaya. Jiwe likaendelea. Akachomoa waya ukutani, akamaliza kwa waya mwingine umeme uliobaki ndani, ule unaoua mafundi wazembe, na jiwe likaendelea kuzunguka, na kadiri alivyokandamiza sikio ndivyo alivyosikia kwamba kuna kitu kinamiminwa katikati ya yale mawe, kikipasuka na kuwa chembe, na chembe zile zilikuwa vipande vya maneno, Do, boj, Tuz, la, jukwaa, jukwaa, jukwaa, katika sauti ambayo angeitambua hata kaburini, inasagwa mchana kweupe, huku nje watoto wakicheza mpira na jirani akikung'uta zulia.

Akampigia Zlatan simu.

"Kwenye hicho kinu alikuwa anaishi nani?"

"Nilikwambia, babu."

"Baada ya babu."

"Hakuna mtu," Zlatan alisema kwa kile kisauti chake. "Nyanya alikuwa anatukataza kuingia baada ya magharibi. Alikuwa akiacha konzi ya unga mlangoni, kila jioni. Fundi, usinirudishie. Mpiga ngoma wetu naye ameanza kukauka koo."

"Ulijua, ukaniletea nyumbani kwangu?"

"Nilidhani ni waya," alisema Zlatan, na akakata.

Ijumaa baada ya alasiri Vahida akamleta bibi Mejra, mwanamke wa mtaa wa juu anayewatibu watu walioingiwa na hofu kwa kuwafunika shuka na kumimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa ndani ya maji juu yao. Nusu ya mji ilishapita chini ya shuka lake. Vahida, kwa kutaka kusaidia, alimpa koili ya lehemu kutoka mezani.

Mejra aliinusa. "Hii ni bati. Utalitisha jini kwa bati? Kazibie sufuria." Akatoa kipande cha risasi kwenye soksi. "Mumeo akae hapa, karibu na hiki kidude."

"Bibi, mimi haya mambo siyaamini sana."

"Nani kakuomba uamini? Shika bakuli."

Hasib aliketi kwenye kigoda. Alikuwa amekonda, na Vahida aliona kwamba siku nyingi hakuwa amemtazama usoni. Shuka jeupe likamfunika mpaka magotini. Mejra akasoma kwa kunong'ona, akayeyusha risasi kwenye kijiko cha chuma, akaimimina ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa cha Hasib. Maji yakachemka kwa kishindo ambacho hakikutoa sauti. Risasi ikatoka ya duara, na tundu katikati.

"Jiwe la kusagia," Mejra alinong'ona. Akamimina tena, juu ya kifua. Safari hii risasi ilitawanyika ikawa kama punje. "Linamsaga. Kinu kimekaa miaka bila nafaka, nanyi mmekiletea besi. Kila kizito kinachopita hapa, linakila."

"Atarudi? Sauti yake?"

"Nikimimina ya tatu, miguuni, lazima uiite. Sauti inaitwa kwa neno lake la mwisho. Alikwambia nini mara ya mwisho?"

"Anaweza kuandika. Tumpe kalamu."

"Mdomo umeshalipoteza. Aliyelisikia ndiye anayeita. Ulikuwa wewe. Sema upesi, risasi inaganda."

Vahida akafungua mdomo. Jumatatu jioni, ndiyo, Jumatatu, kulikuwa na maharage na mkate, Hasib aliingia akasimama mlangoni na viatu mkononi, na alisema kitu, hilo alikuwa na hakika nalo, alisema kitu kifupi, maneno mawili au matatu, lakini bomba lilikuwa wazi na yeye alikuwa amempa mgongo, kama alivyompa mgongo kila jioni kwa miaka miwili, akisugua sufuria ambayo ilishatakata, na kadiri alivyochimba kumbukumbu ndivyo alivyoona mlango tu, na viatu, na midomo inayochezacheza bila chochote kutoka, na nyuma yake lile jiwe sasa lilisikika bila bisibisi wala chochote, likizunguka kwa kasi, unga wa kijivu ukivuja kwenye kitambaa cha spika na kudondoka sakafuni.

"Sema, mwanamke! Alisema nini?"

"Alisema... nisamehe."

Chini ya shuka Hasib alishtuka. Akapiga goti lake kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, kwa nguvu, kama mtu anayekataa.

"Tulia," Mejra alimkemea, akamshika bega, akamimina.

Friji likanguruma juu. Amplifaya, isiyo na umeme, ikapiga sauti moja nzito iliyotikisa bisibisi zote ukutani, kisha ikakaa kimya. Na chini ya shuka, nzito, ya joto, ile ya benchi la kituoni, sauti ikasema:

"Nisamehe, Vahida."

Vahida akakaa palepale kwenye sakafu yenye unga.

Jumamosi alihamishia amplifaya kwenye boksi la mbao za kawaida na mbao za mjozi akazichoma nyuma ya nyumba, kama Mejra alivyoagiza. Ziliungua kama mbao zozote, bila moshi mbaya, bila mlio. Hilo lilipaswa kumtia wasiwasi. Zlatan alikuja na sauti yake nene, akalalamika kuhusu mjozi, akapiga nyuzi zote nne, na zote zikatoka.

Jumatatu mchana Ismet alipiga simu akicheka. "Shemeji, katurudia! Abiria wamepiga makofi. Ila bado kachoka, eti katangaza basi la Crni Do, jukwaa la tatu. Nani anakwenda Crni Do? Na unajua, vikongwe wawili wamesimama pale saa nzima na mizigo, sijui wametokea wapi."

Vahida alicheka naye, akakata simu, akaweka maharage motoni.

Hasib aliingia jioni. "Nisamehe, Vahida," alisema akivua koti. Alisema tena akikaa mezani. Alikuwa amesema hivyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, nyumbani hakusema kingine, na kila mara Vahida alihisi kitu kifuani kikilegea, kitu kilichokuwa kimekazwa kwa miaka miwili. Alimpakulia. Alimkatia mkate ule wa pembeni anaoupenda. Alipoinama karibu ndipo alipokutana na pumzi yake, na pumzi yake ilinuka gunia lililolowa.

Akaketi kando yake, akamtazama. Mdomo ulikuwa unatabasamu. Macho hayakuwa yanatabasamu. Macho yalikuwa yamemkazia kama ya mtu aliyefungiwa nyuma ya kioo, na mkono wake wa kulia, chini ya meza, ulikuwa unaandika kwenye kipande cha karatasi, polepole, kama unaiba. Ukakisukuma mpaka kwenye goti la Vahida.

Vahida alikisoma chini ya meza.

*Siyo mimi ninayesema. Jumatatu ile nilikuuliza kama umekula.*

Alikisoma mara mbili. Ulikuwa mwandiko wa Hasib, wa herufi kubwa za mtu wa ratiba. Alifikiria bibi Mejra, umbali wa mitaa miwili, na risasi yake ndani ya soksi. Sasa alikuwa na neno la kweli. Ilitosha kuvaa viatu na kwenda kumwita.

"Nisamehe, Vahida," ule mdomo ulisema, kwa upole, kwa sauti nzito kuliko zote za Zenica.

Vahida akainuka. Hasib alimfuata kwa macho mpaka jikoni, macho yamejaa maji, yakimsihi. Alifungua mlango wa jiko la kuni, akaitupa karatasi ndani, akasubiri mpaka ilipojikunja na kuwa nyeusi. Kisha akarudi, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Rudia," alisema.