Mgeni Asiyetoa Shikamoo

Tarehe kumi na nne Julai mwaka jana, saa kumi na mbili kasorobo jioni, nilikwenda bombani kuchota maji ya chai. Nataja saa kwa sababu watu wa kwetu hupenda kusema "zamani kidogo", na mambo yakapotea.

Mimi na mume wangu Faraji tulistaafu mwaka mmoja, yeye udereva, mimi ukarani wa masjala. Tulinunua Kosta kuukuu, tukang'oa viti, tukaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Msimu huo wa baridi tukatoka Tanga kuizunguka Usambara: Soni, Lushoto, Irente, na mwisho kijijini kwetu, karibu na Vuga. Nilitaka kukamilisha daftari la ukoo. Vizazi sita, kila jina na tarehe yake.

Kosta haikuweza kupanda njia ya kwa mdogo wangu Yusufu. Tukaiegesha chini, kwenye kiwanja cha nyumba ya zamani ya wazazi wetu. Imebaki misingi tu.

Niliporudi na ndoo, ukungu ulikuwa umefika magotini. Kando ya mlango wa gari alisimama msichana wa miaka kumi na tisa hivi. Miguu mitupu. Kanga moja mabegani. Alinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi ile.

"Naomba nikae motoni," alisema.

Nikasubiri. Kwetu hata mlevi humwamkia mtu mzima kabla ya kumwomba kitu, na mimi nina miaka sitini na nne.

"Kwenu hakuna salamu?"

"Wewe ndiye uniamkie."

Faraji akacheka ndani ya gari. "Mama Salimu, leo umepatikana!"

Mimi sikucheka. "Nenda kwa mama yako akufunze adabu kwanza," nikamwambia. Nikapanda, nikafunga mlango.

"Baridi yote hii, mwenzangu? Mtoto wa watu yule."

"Mtoto wa watu ana kwao."

Nikawasha jiko, nikabandika birika.

Kisha... ngo.

Si mlangoni. Ubavuni, upande wa kitanda.

Ngo. Nyuma ya gari.

Ngo. Upande wa dereva.

Alikuwa anatuzunguka. Nikatega sikio kusikia miguu yake kwenye nyasi. Haikusikika.

Birika likachemka, kifuniko kikaanza kucheza. Nikalishika kwa kitambaa; kitambaa kikateleza, kidole changu kikagusa bati.

Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nikapitisha mkono juu ya moto. Sikuhisi kitu.

"Baba Salimu, huu moto..."

Nikamgeukia. Alikaa kitandani, mikono kifuani, midomo imekuwa ya kijivu. Hakuwa anatetemeka, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamfunika mablanketi yote mawili, nikamsugua vidole. Pumzi yake ilitoka... ikakawia... ikatoka.

Nikampigia simu Yusufu. "Njoo upesi, Faraji anakufa. Na kuna binti hapa nje..."

Akanong'ona. "Kanga moja? Hana viatu?"

"Ndiyo."

"Umemwamkia?"

"Nimwamkie mtoto?"

"Dada, fungua mlango useme shikamoo, shangazi. Sasa hivi. Ukibishana na mimi utamzika shemeji."

Hatuna shangazi. Baba yetu alizaliwa peke yake. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe, ukurasa wa pili.

Faraji alikuwa amefumba macho.

Nikafungua. Ukungu mtupu. "Shikamoo, shangazi," nikasema, kwa hasira, kama mtu anayelazimishwa kusaini.

Pumzi ya Faraji ikakawia tena.

Nikashuka. Nikapiga magoti kwenye nyasi zilizoloa, nikasema tena, safari hii kwa kuomba. "Shikamoo, shangazi. Karibu ndani, ukae motoni."

"Marahaba."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Ndani ya gari.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, viganja vyake juu ya moto. Mvuke ukaanza kutoka kwenye birika. Faraji akakohoa, akafumbua macho, akaomba chai. Nilimgeukia kwa muda wa kumjibu tu. Nilipotazama tena, kigoda kilikuwa kitupu, kimelowa.

Asubuhi nilimkalisha Yusufu kwenye msingi wa nyumba ya wazazi wetu. Yeye aliambiwa siri hii na mama, siku chache kabla mama hajafa.

"Anaitwa Tatu," alisema. "Mdogo wake baba. Mama alifiwa na watoto watatu mfululizo, mganga akasema mchawi ni Tatu. Mwezi wa saba mwaka wa sitini, jioni kama ile, mama akamtoa nje na kanga moja, akafunga mlango. Tatu akazunguka nyumba akigonga kuta. Akaenda kwa majirani, hakuna aliyemfungulia. Walimkuta asubuhi, hapa hapa."

"Na mwaka uliofuata nikazaliwa mimi."

"Ukaishi, dada. Watu wakasema, si mmeona?"

Kwa hiyo ushahidi wao ulikuwa mimi. Kila siku niliyopumua ilikuwa inamtia hatiani msichana yule.

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe unaandika."

Aliniambia kwamba kijiji kizima, mwezi wa saba, anayebisha hodi jioni huamkiwa kwanza, hata akiwa mtoto wa shule. Akishaitikia marahaba, huondoka zake.

"Miaka sitini na mitano," nikasema, "mnampa shikamoo mlangoni, halafu mnafunga. Hakuna hata mmoja aliyemwambia karibu?"

Yusufu akanitazama, uso umembadilika. "Ulimwambia karibu?"

Nilichukua kalamu, nikaandika yote: jina la Tatu, mwaka, na jina la aliyefunga mlango. Yusufu alinisihi nisimwaibishe mama kaburini. Nikamwambia aibu hii haikuanzia kwenye kalamu yangu.

Sasa Kosta iko uani kwetu, Tanga, na joto la huku mnalijua. Ikifika jioni vioo vyake huingia ukungu kwa ndani. Faraji amepona, ila hakanyagi tena mle. Mimi huingia, huamkia, huitikiwa. Siogopi. Nina hasira na mama, nina hasira na majirani wale waliolala huku wakisikia. Nilidhani shangazi anaelewa kwamba niko upande wake.

Alhamisi iliyopita, baada ya marahaba, akaongeza neno.

"Asha," akaniita. Ni jina la mama.

"Mimi siye Asha, shangazi. Mimi ni mwanawe."

 Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Mimi nimeshapata joto, Asha. Sasa toka wewe."

Mlango ukafunguka wenyewe nyuma yangu. Nje kulikuwa na ukungu, na hapa Tanga hatuna ukungu.