Minza na Meno ya Kahawia

Minza alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na Bukene. Huko watu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia, na hakuna anayeshangaa. Lakini miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, Minza alichumbiwa na Anton, fundi cherehani mgeni kutoka Sikonge. Anton alikuwa na meno meupe. Tangu siku ile ya posa, Minza alianza kuziba mdomo kwa kanga kila alipocheka.

Kabla ya harusi alipanda treni kwenda Tabora, kwa dada yake Apolinaria. Mume wa dada yake, Sylvester, alifanya kazi katika reli, na nyumba yao ilikuwa mtaa wa Cheyo. Minza alisaidia kutwanga, kuchota maji na kushona nguo za harusi. Kila asubuhi alitoka uani peke yake, akasugua meno kwa mchanga laini na mkaa. Fizi zilitoka damu. Madoa hayakuondoka.

Jirani yao, Bi Mwanahawa, mke wa seremala, alikuwa na meno meupe sana. Minza alimwuliza anatumia nini. Bi Mwanahawa akamwonyesha mswaki wa mti. Akamweleza kwamba anautafuna ncha mpaka uwe laini, kisha anasugua polepole kila baada ya kula na kabla ya kusali. Minza akafuata. Mdomo wake ukawa safi, fizi zikapona. Lakini madoa yalibaki palepale, na siku ya harusi ilikuwa inakaribia. Akajaribu ndimu. Meno yakaanza kufa ganzi.

Siku moja sokoni alimkuta mchuuzi mgeni mwenye vichupa. Mchuuzi alisema dawa yake hung'arisha meno papo hapo. Minza akanunua, akaificha. Nyumbani alichovya pamba, akasugua meno ya mbele. Alipotazama kwenye kioo, meno yalikuwa meupe. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Furaha hiyo haikufika jioni. Midomo iliwaka moto, fizi zikavimba. Alipokunywa maji, maumivu yalimpanda mpaka kichwani. Apolinaria alimkuta amejikunja kitandani, akamwita Bi Mwanahawa. Bi Mwanahawa alinusa kile kichupa, akakiweka mbali. Akamsuuzisha Minza mdomo kwa maji mengi, tena na tena. Kisha akasema wasingoje. Hospitalini yupo Bwana Raymundi wa chumba cha meno, ambaye aliwahi kumtibu mume wake.

Sylvester ndiye aliyempeleka. Minza alisalimia kwa shida, "Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mwanangu. Fungua mdomo, usiogope."

Raymundi alitazama kwa makini. Alisema ile dawa ni tindikali, yaani maji makali kama yale ya betri ya lori. Tindikali haisafishi jino. Inakula ganda lake gumu la nje, ndiyo maana jino huonekana jeupe. Ganda hilo likiisha halioti tena. Ndimu nayo hulila, ila polepole. Mchanga na mkaa hulikwangua.

Minza akauliza kwa sauti ndogo kama ipo dawa nyingine.

Raymundi akatabasamu, na Minza akaona kwa mara ya kwanza. Meno ya Raymundi yalikuwa na madoa ya kahawia kama yake.

"Mimi ni mtu wa Nzega, karibu na Bukene," alisema. "Kama ningekuwa na dawa salama ya kuyaondoa, si ningeanza na yangu?"

Kisha akamwomba Sylvester afungue mdomo. Sylvester alivuta kiko kwa miaka mingi, na meno yake yalikuwa meusi. Raymundi akakwangua kidogo kwa chombo chake, na weusi ukatoka. Akaeleza kwamba doa la tumbaku au chai limekaa juu ya jino. Hilo husafishwa hospitalini bila kuumiza, na mswaki hulizuia lisirudi upesi. Lakini doa la Minza limo ndani ya jino lenyewe. Liliingia utotoni, jino lilipokuwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Linatokana na chumvi fulani iliyozidi katika maji ya baadhi ya visima. Kuchemsha hakuiondoi.

"Basi watoto wangu watakuwa hivihivi?" Minza aliuliza.

"Si lazima. Wanyweshe maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati safi na kuchemshwa. Anza mtoto anapoacha ziwa, mpaka meno ya ukubwani yaote. Na wewe piga mswaki laini tu. Meno yako ni mazima, yatakutumikia."

Minza alirudi Cheyo na dawa ya kusukutua. Kwa muda alikula uji wa vuguvugu tu. Meno mawili ya mbele yalibaki na ganzi, lakini hayakung'oka, na kwa hilo alimshukuru Mungu na Bi Mwanahawa.

Anton alipokuja kuwaona, Minza aliondoa kanga mdomoni. Akamweleza yote, tangu mchanga hadi kichupa.

"Mimi nilidhani hupendi kucheka nami," alisema Anton.

Walioana kanisani, na Minza akaimba mdomo wazi.

Walijenga Bukene. Anton aliezeka nyumba kwa bati, akatafuta mapipa yenye vifuniko. Walipopata binti, wakamwita Tekla. Alipoacha ziwa, mtungi wake wa maji ya mvua ulikaa peke yake. Wakubwa walikunywa maji ya kisima. Kiangazi, pipa lilipokaribia kukauka, Minza hakuruhusu hata mgeni aguse mtungi ule. Wapo waliomwita mchoyo. Alivumilia, akawaeleza sababu kila walipotaka kusikia.

Tekla aling'oka meno ya utotoni. Mapya yakachomoza, meupe yote. Wale waliomwita Minza mchoyo walikuja kutazama, na baadhi yao wakaanza kukinga maji.

Minza alimfunga Tekla kilemba kipya, wakapanda treni hadi Tabora. Walimkuta Raymundi palepale katika chumba chake, nywele zimeanza mvi. Hakumkumbuka Minza mpaka alipotazama meno yake. Minza akamwambia binti yake amsalimie bwana mganga, kisha afungue mdomo.

Raymundi aliinama. Alitazama jino moja baada ya jingine, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Minza akaanza kumshukuru, lakini yeye akainua mkono.

"Asante ni yangu, mama," alisema. "Nimewaeleza wengi habari ya maji. Wewe ndiye wa kwanza kurudi kunionyesha."